Mshumaa Ukizimika, Vuta

Kopo la maziwa ya unga linashuka taratibu ndani ya chemba ya maji taka, likining'inia kwenye uzi. Ndani yake unawaka mshumaa mfupi. Inayat Masih amepiga magoti ukingoni, shavu karibu liguse lami, jicho moja amelifumba. Mpita njia asiyemjua angedhani anasali.

Mwanga unaonekana, unazidi kuwa mdogo, kisha haupo.

Wanaume wanne waliochuchumaa kuizunguka chemba wanainuka kwa pamoja na kurudi nyuma hadi kwenye kivuli cha duka la vitambaa. Mmoja anamshika mwenzake kiwiko na kumvuta, ingawa mwenzake keshaanza kutembea.

"Upepo huo," anasema Shaukat, nyapara wao, macho yakiwa kwenye simu. "Washa tena."

"Upepo ndani ya chemba, bwana nyapara?" anajibu Inayat huku akivuta uzi. "Labda kuna mtu humo chini amewasha feni."

Wanaume wanacheka. Shaukat anawatazama kama anayetaka kukasirika, halafu anashusha pumzi na kupiga simu ofisini kuomba gari la kunyonya. Gari litafika mchana, au kesho, au halitafika. Leo hashuki mtu.

Zamani mambo hayakwenda hivi. Wangengoja kidogo, wangewasha mshumaa mara ya pili na ya tatu, na mwishowe mmoja angevua shati na kushuka, kwa sababu maji machafu yameshaingia madukani na wenye maduka wanapiga kelele. Kilichowabadilisha si amri ya ofisi wala semina. Ni ibada ya kimya iliyovurugika.

Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Katika mji huu wa Punjab unaosuka nguo zinazovaliwa na watu wa mabara mengine, kipimo cha hewa cha mtu anayeshuka mferejini ni mshumaa kwenye kopo. Na mshumaa wenyewe si wa kuaminika. Ipo sumu isiyouzima, na ipo gesi inayolipuka ikikutana nao. Mwandishi wa habari hizi aliposikia hayo kwa mara ya kwanza aliweka kikombe cha chai chini na hakukishika tena.

"Unashangaa nini?" Inayat aliuliza. "Baba yangu hakuwa hata na kopo. Alikuwa ananusa."

Inayat ana miaka hamsini na minne, mwembamba, mikono mirefu, viganja vigumu vilivyochorwa mistari na kamba. Anaishi Basti Noorpura, mtaa wa Wakristo ulio nyuma ya viwanda, ambako karibu kila nyumba inakula kutokana na uchafu wa mji. Mshahara wake haufiki rupia elfu arobaini kwa mwezi. Sabuni anajinunulia.

Tangu ujana amekuwa mshika kamba. Mwenzake anashuka, yeye anabaki juu na ncha ya kamba imezungushwa kiunoni.

"Anayefanya kazi ni wa chini," anasema. "Mimi namkumbusha tu kwamba ana kwao."

Kwa miaka mingi wa chini alikuwa Daud, shemeji yake, mume wa dada yake Sosan Bibi. Daud alikuwa mnene kidogo na mpenda utani. Alikuwa akitoka shimoni, kabla hajafuta uso, anauliza kama chai ipo.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, siku ya mapumziko, mkandarasi mmoja alimfuata Daud nyumbani. Choo cha ukumbi wa harusi kilikuwa kimeziba na wageni wa bwana harusi walikuwa njiani. Daud alikwenda peke yake. Hapakuwa na kopo wala kamba. Inayat alikuwa kwa mgonjwa upande wa pili wa mji, na alipoitwa aliitwa kumtambua.

Mwandishi alimuuliza Inayat mkandarasi alisema nini baadaye.

"Alisema harusi ilikwenda vizuri."

Kwa utaratibu wa ofisi, nafasi ya marehemu hupewa mwanawe. Daud alimwacha kijana mmoja, Akash, ambaye sasa ana miaka ishirini na mmoja. Karatasi zimezunguka mezani kwa watu hadi mwaka huu, na hatimaye jibu limetoka: Akash ataanza kazi Jumanne baada ya Pasaka, mahali pa baba yake, chini ya chemba. Akikataa, chumba cha serikali wanachoishi yeye na mama yake kinachukuliwa. Sosan ni mfagiaji wa barabara, na ujira wake wa kutwa hautoshi kupanga hata kibanda.

Hapo ndipo habari ya mfereji inapokutana na habari ya kanisa.

Mwaka jana, Kwaresima ilipokaribia mwisho, Mchungaji Nadim alitangaza kwamba Ijumaa Kuu jioni kutakuwa na ibada ya namna nyingine. Hakutakuwa na ngoma ya dholak wala kinanda, wala kupiga makofi. Taa zitazimwa na mishumaa saba itawashwa mbele. Zaburi itasomwa, kisha kimya, kisha mshumaa mmoja utazimwa. Zaburi nyingine, mshumaa mwingine, hadi giza liingie lote, na watu wakae humo wakimfikiria Bwana kaburini. Baadaye waondoke bila kusemezana.

Basti Noorpura ilipigwa na butwaa. Hapa Zaburi huimbwa hadi mishipa ya shingo inasimama, na jirani wa mtaa wa tatu anajua umefika ubeti wa ngapi.

"Bila dholak?" aliuliza bibi mmoja ambaye ameipiga ngoma hiyo tangu hajaolewa. "Mchungaji, sisi tukinyamaza, Mungu atadhani tumehama."

"Na mishumaa ya nini?" mwingine alidakia. "Umeme ukikatika tunakaa na mishumaa kila siku. Wala hatujawahi kuiita ibada."

Lakini Nadim ni mtoto wa mtaa, wamemlea, na wakamkubalia. Kazi ya kupanga mishumaa alipewa Inayat. Watu wote walisema kwa kauli moja: nani mwingine anajua mishumaa kama Inayat? Walilisema hilo kwa sauti, mbele ya wanaume waliokuwa bado wamevaa buti za kazi, na hakuna aliyeyasikia maneno yake mwenyewe.

Inayat aliifanya kazi kwa moyo wote. Alichagua mishumaa minene isiyolia sana. Alipima umbali wake ili mkono wa mchungaji usiungue. Alifanya mazoezi mchana, akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, na anasema hakuona chochote zaidi ya nta.

Jioni ile kanisa lilijaa. Viatu vilirundikana mlangoni, wanaume wakaketi kwenye mikeka upande wa kulia, wanawake kushoto na mitandio ya dupatta vichwani. Inayat alikaa karibu na mishumaa. Mbele yake kidogo alikaa Akash.

"Mshumaa wa kwanza ulipozimwa nilifurahi, nikaona kazi yangu imekwenda sawa," anasimulia. "Wa pili, wa tatu, vizuri. Wa tano viganja vikaanza kutoka jasho. Nikajiambia ni joto. Wa sita nikaanza kuhesabu pumzi. Sijui nilikuwa nahesabu za nani."

Mchungaji akauzima wa saba.

Kimya kikaingia. Wale waliokuwamo wanasema kilikuwa kizuri, kama alivyokitaka mchungaji, kwa muda wa kumeza mate mara moja. Halafu sauti ikasema, wala si kwa nguvu sana: "Vuta."

Ilikuwa sauti ya Inayat. Mikono yake ilikuwa imeshapita chini ya makwapa ya Akash. Alimwinua kijana kutoka kwenye mkeka na kumburuta kinyumenyume katikati ya watu, na giza lile lote likainuka pamoja naye. Kila mwanaume alimkamata aliyekuwa karibu, baba kwa mwana, jirani kwa jirani, na wakavutana mlangoni wakikanyaga viatu, watoto wakilia, kinara kikianguka. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Upande wa kulia ulibaki mikeka mitupu.

Uani, chini ya mwezi wa Pasaka, walisimama peku wakihema, kila mmoja ameshika nguo ya mwenzake. Mchungaji Nadim mwenyewe alijikuta hapo nje, mkono wake umekaza kola ya mzee wa kanisa, na hadi leo hakumbuki alipitaje mlangoni.

"Baba yangu alistaafia mferejini," anasema mchungaji, na akilieleza hili uso wake bado unabadilika. "Nimekua nalichezea lile kopo. Mshumaa ukizimika mtu anakufa, hilo nililijua kabla sijajua Baba Yetu. Na bado nilikaa mezani nikaandika ibada ya kuzima mishumaa mbele ya watu hawa. Hata mmoja wetu hakuona. Hebu niambie, inawezekanaje?"

Wa mwisho kutoka alikuwa Sosan Bibi. Alisimama kizingitini akawatazama wanaume wale, mmoja mmoja, jinsi walivyoshikana.

"Kumbe mnajua kuvuta," alisema.

Akavaa ndala zake akaenda nyumbani. Hakukanyaga tena kanisani mwaka mzima.

Baada ya hapo jambo moja lilitokea ambalo halikupangwa na mtu. Siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka, mshumaa ulizimika kwenye chemba ya sokoni, na kabla nyapara hajafungua mdomo wanaume walikuwa wameshainuka na kuvutana pembeni. Hawakukubaliana, hawakuapa. Miili yao ilikuwa imejifunza kanisani. Kuanzia hapo ndivyo inavyokuwa. Shaukat alitishia kuwakata mshahara, akawakata mara mbili, kisha akachoka.

"Nao ni watu," alimwambia mwandishi, akitazama pembeni. "Na mimi silali vizuri tangu Daud."

Wiki hii Ijumaa Kuu imerudi, na Inayat amepewa tena kazi ya kupanga mishumaa. Kikao kilifanyika uani mwa kanisa, chai ya maziwa ikizunguka. Mchungaji alikuwa ameshaamua.

"Mwaka huu tunaanzia gizani," alisema. "Tutawasha mmoja baada ya mwingine. Hatuzimi kitu. Hakuna atakayevunjika mguu."

"Na dholak je?" aliuliza yule bibi.

"Dholak bado hapana, mama."

"Basi hata giza lako halina faida."

Walikuwa bado wanacheka aliposimama mtu langoni. Ni Sosan Bibi, na fagio lake refu, na kizibao cha kazi cha rangi ya chungwa. Inayat alinyanyuka kumpisha mkeka, lakini dada yake hakuketi.

"Nimesikia hamzimi," alisema.

"Hatuzimi, dada. Tulikuumiza mwaka jana," mchungaji alijibu.

"Zimeni."

Mchungaji akatazama wazee, wazee wakatazama vikombe.

"Zimeni yote saba," Sosan aliendelea. "Na Akash akae mbele kama alivyokaa. Jumanne mnamshusha kwenye shimo kama lililomuua baba yake. Sina pa kumpeleka, chumba ni chumba. Lakini nataka nione kwa macho yangu kama mtamvuta tena. Mwaka jana mlikurupuka. Mwaka huu mnajua. Nataka nione mkijua."

Mchungaji akakubali kwa kichwa tu.

Mazoezi yalifanyika jana, Jumatano, alasiri. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, wanawake walitundika magodoro membamba na mablanketi madirishani hadi kanisa likawa jeusi. Watu walikuja wengi kuliko inavyohitajika kwa mazoezi.

Inayat alifanya badiliko moja. Alimtoa Akash mbele, akamweka nyuma yake, na mahali pa Akash akaketi yeye.

"Nilisema Akash mbele," Sosan alisema kutoka upande wa wanawake.

"Kaa, dada," Inayat alijibu bila kugeuka.

Zaburi zilisomwa na mishumaa ikazimwa. Mara hii kila mtu alijua. Ulipozimwa wa sita ulisikia kanisa zima likishika pumzi. Wa saba ulipozimika, giza lilikuwa zito na hakuna aliyejongea. Wanaume walijikaza, kila mmoja akimngoja Inayat aseme neno lake. Inayat hakusema. Muda ulikwenda. Mwanamke mmoja akaanza kulia polepole.

"Vuta," sauti ikasema, na haikuwa ya Inayat.

Kitambaa kilipasuka. Mlango ulifunguka kwa kishindo, mwanga ukamwagika ndani, na watu wakamwona Akash akitoka kinyumenyume, miguu ameipanua, amemkumbatia mjomba wake kifuani kama gunia la ngano. Hakumwachia hadi walipofika katikati ya uani. Kamizi ya Inayat, shati lake refu, ilikuwa imechanika kutoka kwapani hadi mfukoni. Alilala pale chini juani, akikohoa, akicheka, machozi yakimtoka.

"Umeona, dada?" alisema. "Anajua. Mikono ya baba yake, mtu wa chini, ila anajua kuvuta."

Sosan alikuja mbio, akasimama juu yao. "Nimeona nini? Kwa nini wewe ndiye ulivutwa?"

Inayat alikaa, akakusanya vipande vya kamizi.

"Nimezungumza na nyapara," alisema. "Ameafiki, ofisi haijali nani yuko chini ilimradi maji yaende. Jumanne Akash anashika kamba. Mimi nashuka."

Uso wa Akash ulionyesha kwamba hata yeye alikuwa hajaambiwa. Watu waliowazunguka walinyamaza kimya ambacho mchungaji hajawahi kukipata ndani.

"Una miaka hamsini na minne," Sosan alisema.

"Na ni mwembamba. Chemba nyingi ni nyembamba."

"Niliomba mumvute mwanangu. Nilikuomba wewe ushuke? Mume nimezika. Sasa unaniambia nichague kati ya mwana na kaka?"

"Sikuambii uchague. Nimeshachagua. Lazima awepo mtu chini, Sosan. Siku wakileta mashine za kutosha hatashuka mtu, na mimi nitakuwa wa kwanza kulitupa lile kopo. Lakini Jumanne hawajazileta."

Sosan alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, pale kamizi ilipochanika. Kisha akaketi chini kwenye vumbi karibu naye na kulia waziwazi. Mtu anaweza kuja kuripoti mipango ya ibada ya mishumaa na kukuta anashuhudia jambo ambalo hakujiandaa nalo.

Sosan alipomaliza kulia alifuta uso kwa pindo la dupatta.

"Jumanne mnaanzia chemba ipi?" aliuliza.

"Ya barabara ya viwandani," Inayat alijibu.

"Nitamwambia nyapara wangu anipange barabara hiyo. Nitafagia hapo."

"Barabara nzima?"

"Hapo hapo penye chemba. Hata kama pamekwisha takata. Ukizimika, Akash anavuta na mimi niko nyuma yake."

"Mwanamke kwenye kamba?" mzee wa kanisa aliuliza, ameshtuka kuliko alivyoshtuka mwaka jana. "Haijawahi kutokea."

"Mwaka jana wanaume wazima walikimbia kutoka kanisani, haikuwahi kutokea vilevile," Sosan alimjibu.

Kesho jioni, mishumaa saba itawashwa na kuzimwa Basti Noorpura. Mchungaji amewaomba watu safari hii waviache viatu mbali na mlango ili njia iwe wazi. Dholak itabaki nyumbani, ingawa mwenye nayo hajasamehe. Baada ya mshumaa wa mwisho, haikuandikwa ibada itaishaje. Nadim anasema hilo amewaachia wao.

Inayat alipoulizwa ana tumaini gani, hakuzungumzia mashine tena wala ofisi. Aliingia ndani ya chumba chake akatoka na furushi, akalifungua kitandani uani. Ilikuwa kamba mpya, ya katani, bado inanukia duka.

"Ile ya zamani ni fupi," alisema akiipima kwa mikono yake mirefu. "Ilikuwa ya mshika kamba mmoja."